Siku za Bukavu: Nyawera, La Botte na Muhumba kwa miguu

Noti hizi ni za Julai 2024, kabla waasi wa M23 hawajachukua mji huu wa mashariki mwa Kongo Februari 2025. Sijazibadilisha, nimepunguza maneno tu, na majina ya watu nimeyaondoa.

Alhamisi

Goma na Bukavu siku hizi ni maji tu. Tangu vita vikate barabara ya Sake na Minova mwanzoni mwa mwaka kila kitu kinapita ziwani, Ziwa Kivu, watu, maharage, magodoro, mbuzi, na pale bandarini Goma unasukumwa mpaka unasahau nani alikuja kukusindikiza. Nikapata nafasi kwenye boti ya haraka, dirishani, jirani yangu mama mmoja mwenye kikapu cha jibini za Masisi ambacho alikataa katakata kisiwekwe nyuma na mizigo ya wengine, kwa hiyo safari nzima jibini zimekaa kwenye magoti yetu wote wawili.

Idjwi inabaki mkono wa kushoto muda mrefu mpaka unaona haiishi, kulia milima ya Kalehe, na nyuma yake mlima Kahuzi ambao sikuuona, kiangazi hiki vumbi na moshi wa mashamba vimefunika kila kitu. Halafu ghafla Bukavu. Watu wa hapa wanasema mji wao ni mkono uliochovywa ziwani, na ukifika kwa maji unawaelewa, vidole vinakujia kimoja kimoja, La Botte, Muhumba, Nguba, ardhi nyembamba inaingia majini na maji yanaingia katikati ya ardhi. Chini kando ya maji ni kuta, majumba ya etaji (ghorofa) tatu nne, vigati vya boti za watu binafsi. Juu kabisa, kwenye mteremko, ni bati juu ya bati, ile ni Kadutu. Ramani yote ya mji na ya pesa ya mji umeshapewa kabla hujashuka.

Mama mdogo amenipokea na foufou na sombe na swali: "Mwanangu, juu ya nini unakondaka hivi?" Nimelala saa mbili.

Ijumaa

Mama mdogo anakaa Nyawera, kwa hiyo nimeanza hapo hapo mlangoni. Kwa asiyejua, Nyawera ni roho ya Ibanda, na Ibanda ndiyo komini ya "mjini", ile wazungu waliyojijengea wenyewe. Posti ya kikoloni ilikuwa ndogo tu mwanzoni mwa karne iliyopita, mwaka 1927 wakaibatiza Costermansville kwa jina la Paul Costermans, mkubwa mmoja wa utawala wa Kibelgiji ambaye alikuwa ameshakufa siku nyingi, na jina likakaa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bukavu ikarudishiwa lake. Hewa iliwapendeza sana. Ziwa peke yake liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, hakuna joto la Uvira, usiku unajifunika blanketi, kahawa inaota, chai inaota, kwinini inaota, basi walowezi wakaja na wakajenga hasa kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1950 na kitu, kwa mtindo uliokuwa unapigiwa kelele Ulaya wakati ule, pembe za mviringo, mistari mirefu ya sima, yaani saruji, inayozunguka nyumba, madirisha ya duara ya meli. Ar deko, wanaita. Mweusi alijengewa Kadutu na Bagira, alishuka asubuhi kufanya kazi, jioni akapanda, na usiku kukutwa mjini bila karatasi ilikuwa kesi.

Sasa tembea avenyu Patrice Emery Lumumba leo. Kwanza hutaona nyumba hata moja. Utaona moto, yaani pikipiki, utaona vitoroli, utaona wauza krediti za simu chini ya mwavuli, sapati, maparachichi, viatu vya mitumba vimepangwa juu ya ukuta mfupi, na ambutiyaji, foleni ya magari, ambayo watu wameizoea mpaka wanapiga stori dirisha kwa dirisha. Inabidi usimame upande mmoja na unyanyue macho juu ya mabango. Hapo ndipo mji wa zamani ulipo, kuanzia etaji ya kwanza kwenda juu.

Nimeingia nyumba moja ya pembeni, chini duka la simu wameipaka rangi ya kampuni mpaka pale brashi ya mchoraji ilipofika, juu yake rangi ya zamani ya maziwa yaliyoungua. Ngazi ni za terazo, zimelika katikati kwa miguu ya watu mpaka ukipanda mguu wenyewe unatafuta lile shimo, na chuma cha kushikia kinaishia chini kwa kujikunja mara mbili, fundi aliyefanya ile alikuwa anafurahia kazi yake. Juu kuna avoka, yaani wakili, kuna chumba cha maombi, na kuna papa mmoja mshonaji ambaye chumba chake ndicho kiko kwenye ile pembe ya mviringo, mashine tatu zimefuata ukuta. Amenionyesha dirisha lake la chuma, unazungusha mkono mmoja katikati, fimbo inapanda na nyingine inashuka, linafunga juu na chini kwa pamoja, na bado linafanya kazi bila kulia. "Banakuyaka kuniomba nibauzishie huu mukono," ananiambia, "nabaambia nyumba haiko ya mie, lakini hata ingekuwa ya mie." Hakumaliza, akarudi kwenye sare zake za shule.

Wanaoandika kuhusu Bukavu wanapenda kulia kwamba uzuri umekufa. Mimi sikubali kabisa. Ule mtaa ulijengwa kwa ajili ya watu wachache sana wenye magari machache sana, leo unabeba mji mzima na nyumba zimesimama. Kilichokufa ni nafasi ya kuziangalia, basi.

Jioni Nyawera inageuka. Moshi wa mishikaki, bia za Primus kwenye meza za plastiki, miziki mitatu inagombana, wadada wametoka saluni, vijana wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka yanakata. Wanafunzi wa chuo cha ualimu, ISP, watu wa mashirika ya misaada, ONG, wauza dhahabu, wote wanaishia hapa. Ukimuuliza kijana wapi kuna stail Bukavu hatakutajia La Botte ng'o, atakutajia Nyawera.

Na hapa hapa, kwenye hii njiapanda, ndipo aliuawa askofu mkuu Christophe Munzihirwa, tarehe 29 Oktoba 1996, jioni mji unaangukia mikononi mwa waasi wa AFDL na wanajeshi wa Rwanda. Alikuwa kwenye gari lake. Alikuwa amekaa miezi mingi anapiga kelele kuhusu wakimbizi na kuhusu vita vinavyokuja, na siku ile viongozi wengi walikuwa wameshakimbia, yeye akabaki. Mwili ulilala barabarani mpaka kesho yake. Mama mdogo alikuwa msichana, anaikumbuka ile siku kwa kitu kimoja, kwamba mbwa wa kartie nzima walinyamaza. Wamemjengea ukumbusho. Watu wanapanga miadi pale, "tukutane kwa Munzihirwa", na bia zinaendelea mita chache pembeni, na sidhani kama ni dharau.

Jumamosi

La Botte. Nimeshuka saa tatu asubuhi na komisioneri, yaani dalali wa nyumba, kwa sababu bila mtu wa namna hiyo utatembea kati ya kuta tu. Nimemdanganya kidogo kwamba kuna ndugu yangu anatafuta pa kupanga. (Ndugu yupo kweli, pesa ndiyo hayupo nayo.)

Jina linatokana na umbo, kidole hiki kwenye ramani ni buti. Kuna miti mikubwa bado, bugenvilia zimemwagika juu ya kuta, kimya, mpaka unasikia viatu vyako mwenyewe. Na kuta. Niseme ukweli nilikuja kuona ziwa na nimetembea karibu asubuhi yote kwenye ardhi iliyozungukwa na maji bila kuyaona isipokuwa kwa vipande, kwenye geti linalofunguliwa gari lipite, au pale hoteli, ukilipa kahawa. Unasikia mawimbi upande ule wa ukuta. Juu ya ukuta kuna vipande vya chupa, au nyaya, au vyote viwili kwa mwenye wasiwasi zaidi.

Komisioneri ni mtu wa maneno na anaijua historia ya kila parseli, yaani kiwanja, kuliko ofisi yoyote. Nimemwacha aongee. Kwa mpangilio wake yeye ni hivi: mlowezi alikuwa na parseli kubwa, nyumba moja ya chini katikati, bustani inashuka mpaka majini. Agosti 1964 waasi wa Simba walijaribu kuchukua mji, kanali Léonard Mulamba akawarudisha, ndiyo maana tuna Place Mulamba. 1967 haikwenda hivyo. Jean Schramme, mamluki wa Kibelgiji, aliingia Bukavu Agosti na watu wake na wanajeshi wa Katanga, wakakaa mpaka mwanzoni mwa Novemba, miezi karibu mitatu mji uko mikononi mwa mamluki na ndege zinapiga, halafu wakavuka kukimbilia Rwanda. Walioacha nyumba wakati ule wengi hawakurudi. Novemba 1973 Mobutu akatangaza zaïrianisation, maduka na mashamba ya wageni yakapewa Wazaire, na mwaka huo huo sheria ya ardhi ikasema ardhi yote ni mali ya Serikali, wewe raia unapewa haki ya kuikalia. Sasa hapo ndipo mchezo ulipo, anasema komisioneri, kwa sababu kama ardhi ni ya Serikali basi mwenye kalamu ya Serikali ndiye mwenye ardhi. Nyumba ya huduma inageuka nyumba ya mkubwa, bustani ya wote inageuka parseli, parseli inageuka tatu.

Halafu vita. 1994 wakimbizi wa Rwanda kwa mia za maelfu, 1996, 1998, kila vita vinaleta watu wa vijijini Walungu, Kabare, Kalehe, Shabunda kutafuta usalama mjini. Na vita vinaleta pia pesa ya ajabu. Mwaka 2000 bei ya madini ya koltani ilipaa duniani, mtu aliyekuwa na baiskeli akawa na gari la jipu, na jipu inataka geti. ONG na Umoja wa Mataifa wakaja na dola zao za kupanga. Ile nyumba ya mlowezi ya chini, yenye balkoni ya mviringo, hailipi tena, mwenye nayo anaibomoa anapandisha etaji nne za vioo vya bluu, na pale bustani ilipokuwa anaweka nyumba nyingine, na chini ya hiyo, kwenye mawe, nyingine tena. Sheria inataka uache nafasi kando ya maji. "Banajenga mpaka samaki banaomba ruhusa," komisioneri akasema, na akacheka mwenyewe kabla sijacheka.

Tumesimama mbele ya moja ambayo bado. Haijaguswa. Paa la vigae vyekundu, veranda imekunjwa pembeni, madirisha mawili ya duara kila upande wa mlango na moja limeshazibwa na ubao. Kwenye veranda mama mmoja anaanua nguo, watoto wanne, familia tatu zinaishi humo kila moja chumba chake, warithi wako mahakamani. Nimeuliza bei ya kupanga ile mpya ya vioo iliyo jirani. Ameitaja kwa dola, na miezi sita ya garanti, na mimi nikajifanya nimepigiwa simu.

Jambo moja lakini ameniambia kwa sauti ya chini, hapendi lisambae: bei zinateremka. MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, wamefunga kazi yao Kivu ya Kusini mwaka huu, na mwenye nyumba aliyezoea mgeni wa dola anakaa na etaji nne tupu na deni la sima. Hatakuambia. Ataacha taa ya nje imewaka.

Mchana nikapita Muhumba, ni yale yale, kuta ndefu zaidi, walinzi wenye adabu zaidi. Sina la kuongeza.

Jumapili

Misa ya kathedrali, Notre-Dame de la Paix, ile yenye kuba unayoiona kutoka mbali. Kwaya imeimba kwa Kiswahili na Kimashi, mahubiri marefu. Februari 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa mji wote na Cyangugu ng'ambo, upande wa Rwanda, na mzee aliyekaa nyuma yangu, kila lori likipita nje, anaangalia juu.

Baada ya chakula mtoto wa mama mdogo akasema leo timu ya Muungano wanacheza, twende Stade de la Concorde. Stade iko Kadutu, basi tukapanda. Kadutu inapandwa kweli, magoti yanajua. Njia inakuwa ngazi, ngazi inakuwa mfereji, nyumba imekaa juu ya paa la nyumba nyingine, na kila msimu wa mvua udongo unateleza na watu wanakufa, siyo siri, kila mwaka. Maji mama wanabeba kwa bidoni. Hayo ndiyo mambo ambayo mwenye kuuza postikadi za La Botte hakuambii, mlima ule ule, mvua ile ile, ila huku chini kuna ukuta wa kuzuia udongo na huku juu ni mizizi ya ndizi.

Mechi ilikuwa mbaya, sitaieleza.

Lakini kutoka pale juu, nyuma ya nyumba ya rafiki wa binamu yangu, tumekalia viti viwili na ndoo iliyogeuzwa, nimeona ziwa. Lote. Vidole vyote, kila ghuba, mpaka milima ya Rwanda, vumbi limeshuka kidogo jioni na maji yamegeuka shaba. Rafiki wa binamu anaonyesha kwa kidole ile nyumba ya vioo ni ya nani, ile ya nani, yule boti yake iko wapi, anajua mali yao yote kuliko wao wanavyojua, anawaangalia kila siku anapopiga mswaki. Nikamuuliza ameshaingia La Botte? "Nilichimbaka fondasio ya ile pale," akasema. Hajarudi tangu geti liwekwe.

Jumatatu

Nguba na mpaka wa Rwanda. Nguba ni kidole cha mashariki, siyo ya kifahari vile lakini ina mwendo, kwa sababu inaishia Ruzizi, na Ruzizi ndiyo mlango pekee wa ziwa, maji yote ya Kivu yanatokea hapa kwenda Tanganyika. Mto wenyewe ukiona kwa mara ya kwanza unashangaa ni mdogo, kijani, una haraka. Chini kidogo ndipo kuna bwawa la Ruzizi I la mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi II ya 1989 inayogawiwa na nchi tatu. Umeme wa nchi tatu unaanzia kwenye mto huu, na jana usiku kwa mama mdogo tumekula kwa mshumaa. Hakuna aliyeshangaa, nimejikuta nashangaa peke yangu.

Pale mpakani wamama wanavuka na unga, nyanya, maziwa, mayai, asubuhi wanaingia jioni wanarudi Kamembe, wengine wanatoka huku kwenda kule na vitenge. Nimekaa saa nzima. Kuna mama anayehesabu franka zetu na za Rwanda kwa mikono miwili tofauti, mkono kwa pesa, bila kuangalia.

Sambaza, wale samaki wadogo, nimekula hapo, kwenye kibanda kinachoangalia maji. Kisahani cha bati, zimekaangwa mpaka zinavunjika, pilipili, limao, chumvi ya mawe. Watu wanadhani sambaza ni za hapa tangu Mungu aumbe Kivu, kumbe zililetwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, ziwa lilikuwa na samaki wachache, na leo ndiyo mboga ya maskini na ya tajiri. Wavuvi wanatoka jioni, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa mbele, wanaimba ili wapige makasia pamoja, na inabidi wapite mbele ya hizo parseli zote za La Botte na Muhumba kwenda kwenye kina. Mwenye kibanda anasema kuna majumba ambayo walinzi wanawamulika na tochi wasikaribie gati. Wanaimba zaidi wakifika hapo, anasema, na hiyo imenifurahisha kuliko sambaza.

Jioni komisioneri amepiga simu. Ile ya vioo imeteremka, mwenye nyumba yuko tayari kuongea, na garanti ni miezi mitatu tu, nimwambie ndugu yangu afanye haraka. Mama mdogo akanipokonya simu, akamsalimia vizuri, akamuuliza habari za watoto, halafu akamwambia sisi tunatafuta Kadutu, juu, penye kuona ziwa, na awe na bei ya watu. Komisioneri alinyamaza kidogo. Kisha akasema iko moja, ila ngazi ni nyingi.

Boti ya kesho imejaa. Nimepata ya Jumatano.